Kidole cha Wifi

"Mke wako hayumo," alisema mpokezi wa hospitali bila kuinua macho.

Dereva wa gari la taka alimtazama mkewe, ambaye alikuwa ameshikilia ukingo wa meza kwa mikono miwili, anapumua kwa kinywa, na tumbo limekaribia kuisukuma kompyuta ya watu. Mume mwingine angejibu kwamba mke yumo, huyu hapa, tena leo ni wawili. Dereva alijua vizuri kwa nini hayumo, na njia nzima alikuwa akiomba kimoyomoyo kwamba mashine isijue.

"Labda mtandao," alisema.

"Mtandao upo. Wewe nakuona, bima yako hai, mwajiri wako halmashauri. Na mwenza wako namuona, naye yuko hai, amethibitishwa kwa kidole. Ila kidole cha mwenza wako si cha huyu mama. Nimejaribu vyote kumi."

"Vitakuwa vina jasho," alisema mke. "Mimi fundi cherehani, nashona tangu alfajiri. Ngoja nivifute."

Akavifuta kwenye gauni lake, kimoja kimoja, uchungu ukimshika na kumwachia, na watu waliokuwa nyuma yake kwenye mstari wakamwangalia kama anayechelewesha ibada. Aliweka kidole gumba kwenye kioo. Kioo kikawaka taa nyekundu. Akaweka cha shahada. Nyekundu. Mpokezi akashusha pumzi, akasoma kwa sauti jina la mwenza lililokuwa kwenye skrini, ili yaishe.

Fundi alilisikia jina hilo na kwa muda akasahau hata tumbo. Alilijua. Lilikuwa jina la mtu aliyemuacha nyumbani asubuhi ile akimpashia maji ya kuoga.

"Hilo ni jina la wifi yangu," alisema.

"Hapa ameandikwa mwenza."

"Mwenza ndiyo nini?"

"Mke."

"Ni dada yake. Baba mmoja, mama mmoja."

Sasa mpokezi aliinua macho. Alimtazama dereva, akamtazama fundi, kisha akarudi kwenye skrini, mahali ambapo mambo yalikuwa shwari. "Mimi nasoma kilichoandikwa," alisema. "Sogeeni pembeni niwahudumie wengine."

Tuseme ukweli, kosa lilikuwa la dereva, lakini halikuwa la dereva peke yake. Dada yake alikuwa amerudishwa kwao na mume kwa sababu hakuzaa, na mwanamke akirudishwa, hurudi kwa kaka. Hilo halihitaji kuandikwa mahali, kila mtu analijua. Alirudi na begi moja na ugonjwa wa kisukari. Enzi za kadi za karatasi mambo yalikwenda: kadi ya mke ilikuwa haina picha, fundi alikuwa mzima kama kigongo, basi kadi ikatembea kwa wifi, wifi akapata sindano zake, na mfamasia akajifanya hajui kuhesabu wake za watu. Ndipo ukaja mfumo. Walikuja nao waheshimiwa kwa msururu wa magari, wakavishwa fulana zilizoandikwa "Serikali Haina Foleni Tena", wakakata utepe mbele ya foleni iliyokuwa imesimama juani tangu kabla ya kuku kushuka, wakanywa soda, wakaondoka. Kadi zikakusanywa. Mtu akatakiwa aingie kwa kidole chake mwenyewe.

"Na dada naweza kumuingiza?" dereva alimuuliza karani wa usajili siku hiyo.

"Dada hayumo kwenye mfumo. Kuna mwenza, kuna watoto."

"Anaishi kwangu. Anaumwa."

"Mzee, dada hana kisanduku."

Mfumo ulibuniwa na watu ambao dada zao wana bima zao wenyewe. Hawakuwahi kusikia kwamba mwanamke anaweza kurudishwa kama nguo iliyombana mnunuzi. Basi dereva akarudi nyumbani, akamkuta mkewe na rundo la sare za shule, akamwambia twende ukajisajili, mkewe akasema kesho, leo nina kazi ya watu. Dada yake alikuwa amebakiwa na dawa ya siku chache. Dereva akamchukua dada yake. Karani aliona mume na mke wenye jina moja la baba, akafikiri huyu ni mwanamke wa kisasa aliyechukua jina la mume, na kompyuta, ambayo hakuna aliyeiambia iulize, haikuuliza. Taa ya kijani ikawaka.

Tangu hapo kila fundi alipouliza bima yake, dereva alijibu, "Mfumo bado unasumbua." Hiyo ndiyo faida ya kwanza ambayo raia walipata kutoka kwenye mfumo: mwongo alipata wa kumsingizia.

*

Daktari alimpima fundi, akatoka akivua glavu. Mtoto alikuwa amelala kikingama, alisema, na asingetoka kwa njia yake hata wangemngoja mpaka kesho. Apasuliwe, na mapema. Dereva akaitikia kwa kichwa. Dirisha la malipo likamwambia kwamba asiye na bima huweka amana kwanza, likamtajia kiasi, naye akaomba arudiwe, akidhani amesikia vibaya. Alikuwa amesikia sawasawa. Ilikuwa ni mshahara wa miezi kadhaa wa mtu anayeendesha uvundo wa mji mzima.

"Nitaleta nusu kesho," alisema.

"Kesho utaleta kwa ajili ya nani?" aliuliza mwanamke wa dirishani. Hakusema kwa ukatili. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza chenji.

Nesi mkuu wa leba, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, alikuwa amesikia yote. Alimvuta dereva kwenye korido, karibu na ndoo za kutupia glavu.

"Mficha uchi hazai, baba. Niambie. Kidole kilichomo kiko wapi?"

"Nyumbani."

"Kilete."

Wifi alifika kwa gari la kukodi, bado ana waya wa kuchajia simu begani, maana alikuwa na kibanda cha kuchaji simu za watu na alikiacha wazi. Alimkuta mke wa kaka yake juu ya kitanda cha magurudumu, amegeukia ukuta. Akasimama kichwani pake, asijue mikono aiweke wapi.

"Kumbe wewe ndiye bibi harusi," alisema fundi, bado ameelekea ukutani.

"Wifi, si wakati wake."

"Wakati wake ulikuwa lini? Nilikuwa naosha vyombo vyako nikidhani naosha vya mgeni."

"Nilimwambia kaka akwambie."

"Na wewe ulikatwa ulimi?"

Wifi alikuwa amekatwa ulimi kweli, na aliyeukata ni yule aliyemlisha. Nesi mkuu aliwaingilia kati na mashine ndogo yenye kioo, akiisukuma kwenye meza ya magurudumu.

"Hayo mtakwenda kuyamalizia kwenu. Kidole."

Wifi akaweka kidole gumba. Kijani, mara moja, bila swali. Jina lake likatokea, umri wake, ugonjwa wake wa kisukari, tarehe ya dawa yake ya mwisho, na chini kabisa maneno *Mgonjwa yuko tayari kupokelewa*. Ilipasa baada ya hapo apigwe picha ya uso, lakini kamera ilikuwa bado kwenye boksi lake kabatini. Ilikuwa haijatolewa kwa sababu fomu ya kutoa boksi lazima isainiwe na afisa fulani, na afisa huyo alikuwa semina, anafundishwa matumizi ya kamera.

Nesi akaandika jina la wifi kwenye utepe wa plastiki, akaufunga kwenye mkono wa fundi.

"Kuanzia sasa wewe ni yeye. Ukiitwa jina lake, itika."

"Na yeye atakuwa nani?"

"Yeye atakaa pale kwenye benchi. Asiwe mtu."

Ndivyo walivyomwingiza chumba cha upasuaji: tumbo la huyu, kidole cha yule. Aliyetakiwa kushukuriwa siku hiyo ni mzee mmoja wa maabara, asiyeiamini kompyuta hata kidogo, ambaye alipoambiwa kwamba kundi la damu la mgonjwa limo kwenye mfumo, alisema basi mfumo uongezewe damu, na akaenda kumpima fundi upya kwa mkono wake.

*

Mtoto alikuwa wa kiume, mzima, mwenye sauti. Na hapa lazima tuutendee mfumo haki, kwa maana ulifanya kazi vizuri kupita kiasi. Zamani cheti cha kuzaliwa kilifuatiliwa kwa miezi, kwa viatu na kwa bahasha. Safari hii, kabla fundi hajazinduka, mtoto alikuwa ameshasajiliwa. Baba: dereva. Mama: mwenye kidole. Babu mzaa baba na babu mzaa mama wakaandikwa kwa jina moja lile lile, mstari chini ya mstari, na kompyuta haikuona haya.

Kule nje kwenye benchi, simu ya wifi ikalia. Alikuwa ameambiwa asiwe mtu, lakini serikali ilikuwa na maoni tofauti.

*Hongera mama. Umejifungua salama mtoto wa kiume. Cheti chake kiko tayari.*

Wifi akausoma ujumbe. Akauweka uso wa simu chini juu ya paja, kama anayeficha karata. Akaugeuza, akausoma tena. Miaka yote ya ndoa yake hakuna mtu aliyemwandikia "hongera" na "mama" yakifuatana namna hiyo. Mama mkwe wake alikuwa akimwita "huyo wa kwetu", na siku ya kumrudisha alimwambia kwamba hata mti usiozaa huwa angalau na kivuli. Dereva alipokuja kukaa karibu naye na kumwambia amejifungua, wote wazima, wifi alisema, "Najua," na ndipo machozi yakamtoka. Dereva akadhani ni ya furaha tu. Alikuwa mtu wa kudhani mambo mepesi.

Wodini manesi walimwita fundi kwa jina la wifi yake. Hakuitika. Wakasema dawa ya usingizi haijamwisha. Alipoitika siku ya pili wakampongeza, wakamchoma ncha ya kidole kumpima sukari, wakaikuta iko sawasawa, wakaitana kuja kumtazama.

"Mama huyu anajitunza," alisema nesi mmoja kijana, akiwaonyesha wenzake kama anayeonyesha shamba darasa. "Sukari ya miaka yote hii na angalieni. Mama, unafuata masharti gani?"

"Nashona nguo," alisema fundi.

Wakamnyima chai ya sukari. Mumewe alimletea uji wenye sukari kwenye chupa, nesi akaunusa, akaumwaga kwenye sinki mbele yake, akamkaripia dereva mbele ya wodi nzima kwamba mwanaume gani anataka kumuua mke wake. Dereva akapokea matusi na chupa tupu. Fundi alilala pale na kidonda chake, na njaa yake, na jina la mtu mkononi, akimtazama mumewe anavyosema "samahani nesi" kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia kusema "mfumo bado unasumbua". Akamdharau. Si chuki, chuki ina joto. Alimdharau kama mtu anavyodharau uzi mbovu uliokatikia katikati ya pindo.

Siku ya kutoka walimpa mfuko wa dawa za kisukari na maagizo ya namna ya kujichoma. Akautupa mfuko mapajani mwa wifi yake bila neno, na wifi akaupokea.

*

Walikaa nyumbani wiki hizo watu watatu na mtoto, kila mmoja akizungumza na mtoto tu. Wifi alipika, alifua nepi, alimkanda fundi mgongo kwa maji moto, na fundi akakubali kukandwa kwa sababu mgongo ulimuuma. Jioni moja mapema, mtoto amelala, fundi aliweka kikombe chini.

"Leo nimekwenda zahanati mtoto achomwe sindano yake ya chanjo. Wamekataa. Wanataka kidole cha mama."

"Si atakuwa anakwenda naye dada," alisema dereva. "Mnakwenda wawili. Mwishowe nani atajua?"

"Na shule?"

"Shule bado."

"Na siku akitaka kuoa? Waende kuposa na cheti kinachosema baba yake alimzaa na dada yake?"

Dereva akashika tama. "Ni karatasi tu, mama."

"Karatasi tu. Mimi nimevuliwa nguo nikapasuliwa kwa jina la mtu kwa ajili ya karatasi tu. Nimepita ofisi ya usajili baada ya zahanati. Wamesema hawawezi kunisikiliza, mimi si mhusika. Mama aliyeandikwa aje mwenyewe, aseme si mama."

Hapo dereva aliinuka, akafunga dirisha, ingawa nje hapakuwa na mtu. Akaongea chini chini. Wakifungua hilo, watafungua na lile. Watauliza nani alilazwa, kidole cha nani, bima ya nani. Halmashauri itamfukuza kazi, na labda kumshitaki. Na dada atakatiwa dawa siku ile ile, na yeye fundi anajua mtu wa kisukari akikosa sindano huwaje. "Unataka kuniulia dada yangu kwa ajili ya jina?"

"Nataka mtoto wangu," alisema fundi. "Sikuomba kitu kingine ndani ya nyumba hii."

Wifi alikuwa amekaa kizingitini mwa chumba chake, amejifunga mtandio kiunoni. Alikuwa akisikiliza watu wawili wakimgawana, mmoja amchukue na mmoja amtoe.

"Nitakwenda," alisema.

"Dada, nyamaza."

"Nimenyamaza miaka. Wifi, nitakwenda nawe kesho, nitasema mbele yao kwamba sikuzaa mimi. Dawa Mungu atajua. Naapa kwa kaburi la baba yetu."

Fundi alitaka kumwambia asante lakini neno lilikataa, maana huwezi kumshukuru mtu kwa kukurudishia kilicho chako. Akamwambia, "Tutatoka mapema." Wifi akaingia chumbani mwake. Kama fundi angemfuata, angemkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, simu mkononi, akisoma ule ujumbe ambao mpaka siku hiyo hakuwa ameufuta.

*

Ofisi ya usajili ilikuwa na viti vya chuma, feni na mashine ya kutoa namba. Mashine ya namba ilikuwa mbovu, kwa hiyo mlinzi alisimama kando yake akiwagawia watu namba alizokata kwa mkasi kutoka kwenye daftari la mwanawe. Kwenye ukuta, televisheni ilionyesha mheshimiwa akieleza jinsi raia siku hizi anavyohudumiwa akiwa sebuleni kwake. Wenye sebule zao walimsikiliza, wamesimama, kwa kuwa viti vilijaa.

Namba yao ilipoitwa, walikwenda wote watatu, fundi na mtoto kifuani. Afisa alikuwa kijana nadhifu, kitambulisho kinaning'inia shingoni, mpole. Upole wake ulikuwa wa mtu aliyefundishwa upole kwa siku mbili hotelini.

"Karibuni wazazi. Nani ni mama wa mtoto?"

Fundi akafungua mdomo. Kisha akakumbuka alivyoelezwa, kwamba yeye si mhusika, akaufunga, akamgeukia wifi yake.

"Ni mimi," alisema wifi.

"Kidole tafadhali."

Kijani. Afisa akatabasamu, akasoma kilichotokea, akaonekana kuridhika nacho.

"Kila kitu kiko sawa. Ombi lako ni nini, mama?"

Fundi akamjibia, "Anataka kubadilisha. Jina la mama."

"Dada, namuomba mwenyewe aseme. Ni haki yake." Afisa akamwelekea wifi. "Mama, nikueleze kwanza utaratibu, ili uamue ukijua. Mama akisema mtoto si wake, hiyo tunaita pingamizi la uzazi. Nikibonyeza hapa, bima ya familia inasimama leo mpaka uchunguzi uishe. Taarifa inakwenda kwa mwajiri wa baba, inakwenda hospitali. Na mtoto anabaki hana mama."

"Mama yake si atakuwepo?" alisema fundi. "Mama yake amemshika."

"Kwenye mfumo, dada. Hawezi kuwekwa mama mwingine mpaka uchunguzi uishe, na akikaa bila mama muda mrefu mfumo unampeleka ustawi wa jamii, kama watoto walioachwa. Unampeleka wenyewe. Mimi sina uwezo wa kuuzuia."

"Uchunguzi huchukua muda gani?"

"Bado hakuna uliokwisha," alisema afisa, kwa upole.

Dereva alikuwa anatazama viatu vyake. Mtoto alijinyoosha, akakunja uso, akalala tena. Fundi hakumsihi wifi yake. Alimtazama tu, na macho yake yalikuwa wazi kabisa: sema. Umeapa. Sema tuone litakalokuja.

Wifi naye alikuwa akimtazama mtoto. Huenda aliwaza sindano zake. Huenda aliwaza mtoto akipelekwa kwa watu wa ustawi, na hilo lilikuwa jambo la kuogopwa na yeyote mwenye akili. Huenda ndivyo alivyojieleza mwenyewe baadaye. Lakini alipoongea, hakuongea kama mtu aliyeogopa. Sauti yake ilikuwa nyororo, ya mtu aliyepewa kiti baada ya kusimama muda mrefu.

"Sina ombi," alisema.

"Wifi," alisema fundi.

"Sina ombi, mwanangu," wifi alimwambia afisa. "Tulikuja kuchukua cheti tu."

Afisa akashukuru, kwa kuwa pingamizi la uzazi lilikuwa na kurasa nyingi. Akabonyeza. Cheti kikatoka kwenye mashine papo hapo, kingali na joto, kina nembo, kina mihuri, hakina hata kosa moja la herufi. Akampa wifi kwa mikono miwili. Dereva akashusha pumzi kwa sauti, na kwa pumzi ile mkewe akajua kwamba hatamrudia tena moyoni, hata wakizeeka kitanda kimoja.

"Huduma yetu umeionaje, mama?" aliuliza afisa, akimsogezea wifi kidude chenye nyuso tatu, ya kucheka, ya kununa na ya katikati. "Bonyeza moja tu."

Wifi alikuwa bado ananyoosha mkono mtoto alipoamka. Alilia kwa njaa, kilio cha mtoto anayejua anataka nini na kiko wapi, na sauti ikajaa ofisi nzima mpaka watu wa kwenye viti vya chuma wakageuka.

"Mama, mnyonyeshe mtoto wako," afisa alimwambia wifi.

Wifi hakusogea. Cheti kilikuwa mkononi mwake, amekibana kifuani juu ya mtandio. Fundi alikuwa amekwisha kulowa mbele ya gauni, maziwa yametoka yenyewe kwa kile kilio. Hakutafuta pembe ya kujificha. Alikaa kwenye kiti cha mteja, mbele ya meza ya serikali, akafungua vifungo akamwekea mtoto ziwa, na mtoto akanyamaza.

Afisa aliona. Aliona ziwa, akaona gauni lililolowa, akaona wifi aliyesimama na karatasi, akamwona na dereva anayetazama viatu, na kwa kuwa hakuwa mjinga, alielewa kila kitu. Uso ukamshuka. Kwa muda mfupi alikuwa kijana tu, mwenye mama mahali fulani. Kisha akageuza macho kwenye kompyuta. Palikuwa na kijani tupu.

"Anayefuata," alisema.